Kitovu cha Wakesho

Kitovu huzikwa, hakianikwi. Mmeisikia methali hii leo asubuhi, pale Zighe alipopiga picha kitambulisho chake na kuirusha kwa watu chungu nzima ili wamcheke alivyotoka vibaya, shangazi yake akamfokea mpaka kuku wakakimbia. Sasa mnauliza methali hiyo imetoka wapi. Wekeni simu kifudifudi kwanza. Zote. Haya. Haikutoka mbali, ni papa hapa mpakani Taveta, na mwanzo wake ulikuwa hivi.

Palikuwa na msichana aitwaye Wakesho. Mama yake, Mghoi, alikuwa mtu wa huku, na baba yake mtu wa Himo, ng'ambo ya mpaka. Wakesho alizaliwa na kukulia Himo. Mama alikufa yeye akiwa na miaka saba, na baba naye alipofariki, ndugu zake walimwambia msichana bila kumung'unya maneno kwamba pale hana lake, awatafute wajomba zake. Wakesho akajikaza. Alikuwa amesikia kwamba sheria ya Kenya humhesabu mtoto kuwa raia kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia, hata kama amezaliwa nje. Mama yake alikuwa raia. Kwa hiyo alikuwa na kwao, na kilichobaki ni watu wa kwao kusimama mbele ya chifu na kusema: huyu ni mtoto wa Mghoi.

Akampigia simu mjomba wake, Mwandoe, kumwambia kwamba anakuja.

Mwandoe alikuwa mtu wa moyo mzuri, tusimnyime haki yake. Ila hakuwa na kifua, na simu ilimzidishia maradhi. Siku hiyo hiyo alifungua grupu la ukoo, lenye waliozaliwa ndani, waliooa, na waliopita njia wakakaribishwa, akaanza kumwaga. Akatuma kitambulisho cha marehemu dada yake, mbele na nyuma. Akatuma kadi ya kliniki ya Wakesho, aliyotumiwa na msichana mwenyewe. Kisha akashika hadithi: jina la utani la Mghoi, rangi ya mbuzi wa mahari yake, hata kovu ambalo mtoto alilipata gotini alipoanguka kwenye jiwe la kusagia. Watu wakammiminia makopa na vidole gumba, naye akaona ametenda jambo kubwa.

Wakesho alifika na begi lake begani, akapiga hodi. Mjomba akatoka.

"Shikamoo, Mjomba. Ni mimi, Wakesho."

Mwandoe akamtazama juu chini. "Wakesho yupi? Wakesho alifika juzi. Yuko jikoni anachambua mboga."

Wakesho alidhani ni utani, akacheka. Mjomba hakucheka. Wakaenda jikoni, na kweli palikuwa na msichana wa rika lake ameinamia mboga ya mchunga, na gotini ana kovu. Kovu lenyewe lilikuwa bado jekundu. Mtu yeyote mwenye macho angeuliza kidonda cha utotoni kimekawiaje hivyo kupona, lakini Mwandoe alikuwa ameridhika na grupu lilikuwa limeshampongeza. Hasira ilimpanda Wakesho.

Kesho yake wakapelekwa kwa chifu wote wawili. Desturi ya huku ilikuwa wazee wa mji kukaa na kumhoji mtu ambaye kuzaliwa kwake hakukushuhudiwa na majirani. Wakiridhika, chifu huandika barua ya kumtambulisha. Mghoi alikuwa na mtoto mmoja tu, na barua ingekuwa moja. Atakayeikosa angerudi ng'ambo.

"Mama yenu utotoni aliitwa nani?" mzee wa kwanza aliuliza.

"Kifaranga," mgeni wa juzi alijibu pale pale. "Kwa sababu alimfuata Nyanya kila aendako."

Wakesho hakulijua jina hilo. Yeye alimwita Mama.

"Mbuzi wa mahari yake?"

"Weusi, isipokuwa beberu mmoja mwenye baka jeupe."

"Barabara!" Mwandoe alidakia, anaitikia kwa kichwa kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu.

Wakesho alimgeukia. "Mjomba, hayo si ndiyo uliyoyaandika kwenye simu?"

"Niliwaandikia watu wa ukoo!"

"Hebu wasome, basi."

Mwandoe akatoa simu, akaanza kupekua majina. "Huyu ni wa kwa shangazi. Huyu ni yule fundi wa paa. Huyu... huyu simjui. Huyu ana picha ya ua. Huyu labda ni wa upande wa Bura." Sauti ilizidi kufifia kadiri alivyoendelea kushuka.

"Lakini, binti," mzee wa kwanza alisema kwa upole uliomuudhi Wakesho kuliko ukali, "kovu mnalo nyote wawili, ila mwenzio anayajua haya na wewe huyajui. Sisi tushike lipi?"

"Mnaniuliza ya kwenye simu!" Wakesho alilipuka. "Mimi nililala na mama yangu kitanda kimoja mpaka siku aliyokufa. Mikono yake ilinuka vitunguu hata akinawa kwa sabuni. Aliogopa radi, akijifunika kwa kanga na kunifunika mimi. Nani aliandika hayo? Hakuna! Ndiyo maana hamyaulizi."

Chifu akavuta karatasi, na ilionekana wazi barua atamwandikia nani.

"Mmeniruka," sauti ilisema kutoka mlangoni.

Ilikuwa ya Nyanya Mkawasi, mama yake Mghoi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, sura za watu hazioni tena, na tangu juzi hakuna aliyemuuliza neno, kwa maana hakuwamo kwenye grupu.

"Mwandoe, tangu lini simu ikazaa?" alisema. "Aliyemzaa Mghoi ni mimi. Mghoi alivuka mpaka na kichanga mgongoni, kitovu cha mtoto amekifunga kwenye pindo la kanga. Tulikizika sisi wawili, mimi na yeye. Kwetu mtoto huambiwa mahali hapo na mama yake akishapata akili, na haambiwi mtu mwingine. Haya, mabinti. Mmoja mmoja aje aninong'oneze."

Aliyekuja kwanza akaitwa kwanza. Aliinama sikioni mwa kikongwe, akaanza kulia.

"Sijui, Nyanya. Hata changu sijui kilizikwa wapi, wala aliyenizaa simjui. Naitwa Salome. Yalinifikia kwenye simu tu. Nilimwona mama ameanikwa pale, kila mtu anamsoma na mtoto wake hayupo. Nikamwanua, awe wangu."

Kisha Wakesho akapiga magoti, akanong'ona maneno machache. Nyanya akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakishikilia kifuani.

"Andika, Chifu," alisema hatimaye. "Huyu ndiye damu ya Mghoi."

Chifu akaandika. Alipoulizwa kuhusu Salome alikuna kichwa, akasema sheria inataka mzazi na huyu hana wa kumtaja, kwa hiyo shauri lake ni refu. Nyanya akajibu kwamba shauri refu halimzuii mtu kula, atalala nyumbani mpaka litakapokwisha.

Wakati wote huo Mwandoe alikuwa ameinua simu juu, taa yake ndogo inawaka. Alikuwa akirekodi. Alijipenyeza kati ya wazee, akaisogeza karibu kabisa na mdomo wa mama yake.

"Mama, hebu sema kwa sauti kilizikwa wapi, na watu wa ukoo nao wasikie. Watafurahi sana."

Nyanya Mkawasi alifumba macho. Alivuta pumzi, akapapasa mpaka akaupata mkono wa mwanawe, akaisukuma chini ile simu.

"Mwandoe, mwanangu, mbona utaniua kabla ya siku zangu! Kitovu huzikwa, hakianikwi."