Mawe ya Mjane Tabitha

Enzi za makoloni ya Amerika, mjane Tabitha aliishi kaskazini, kwenye shamba lililojaa mawe hata halilimiki. Siku moja Bwana Penrose, tajiri wa tumbaku kutoka kusini, alitia nanga hapo na mabaharia wake, akataka kumchinja maksai wa pekee wa mjane.

"Mchukue, bwana," Tabitha alilia, "ila mawe yangu usiyaguse! Najua kwenu hakuna, utayatamani ujengee jumba."

Penrose akacheka. "Baki na maksai wako. Vijana, pakieni mawe yote!"

Wakapakia mpaka jioni. Walipokuwa wanang'oa nanga, Tabitha akafika mbio, anahema. "Ahsanteni, wanangu! Angalau lile kubwa la kisimani mmeniachia."

"Lifuateni!" akafoka Penrose.

Kesho yake mjane alilima shamba zima, na jembe halikugonga hata kokoto.