Zimwi la Moto na Kuni za Nyamizi

Jamani, hadithi imebisha hodi!
Ikaribie, ikae!

Palikuwa na zimwi la moto lisiloweza kukanyaga ila penye kitu kikavu. Kila kiangazi lilitoka porini kula nyumba za watu. Nyamizi, bibi harusi wa juzijuzi, alikuwa amefyeka na kufagia kuzunguka nyumba yake mpaka udongo ukang'aa. Lakini kuni alizipanga ukutani, chini ya paa la nyasi, kama wanawake wote wa kwao, ili wapita njia waone kwamba hapa kuna mke mchapakazi.

Zimwi likaja, likakwama ukingoni mwa uwanja.

"Nyamizi, nipe nyasi nikanyage!"

"Nimefyeka."

"Nipe majani makavu nikanyage!"

"Nimefagia."

Zimwi likalainisha sauti. "Lakini mwanangu, kuni hizo! Sijaona mke kama wewe. Ngoja nirushe cheche moja tu, nizione vizuri."

Nyamizi akatabasamu, kisha akashtuka. Sifa hizo alizitaka kwa mama mkwe, si kwa zimwi! Akaziangusha kuni, akazibingirisha zote mpaka kijitoni. Cheche ikaja, ikaangukia udongo mtupu, ikafa.

Zimwi likakaa na njaa, likasinyaa, likawa kaa moja dogo. Nyamizi akaliokota kwa kigae, akalitia mekoni.

"Na humu nitakula nini?" likalia.

"Utakula nitakachokupa," akasema Nyamizi, akateleka ugali.

Nao umeiva. Haya, naweni mikono.