Nyati Aliyemletea Mama Kivuli

Paukwa!

Pakawa!

Jua likawaka?

Likawaka!

Basi sogeeni, na wewe wa nyuma acha kutafuna.

Hapo kale palikuwa na Nyati na mama yake. Siku moja mama alivunjika mguu katikati ya mbuga, hawezi kusimama wala kutambaa. Jua likampiga, ulimi ukamkauka. Nyati alimpenda sana mama yake, moyo ukamwuma.

Mbali kidogo palikuwa na mgunga, na chini yake kivuli kizuri, Kobe kajilalia. Nyati akasema, "Mama hawezi kukifuata kivuli. Nitamletea."

Akavunja tawi, akaliburuta, akalilaza kando ya mama.

"Mama, kivuli kimefika?"

"Jua, mwanangu. Jua tupu."

Akarudi, akavunja tawi kubwa kuliko lile, akaliburuta, akalilaza kando ya mama.

"Mama, kivuli kimefika?"

"Jua, mwanangu. Jua tupu."

Naona mmoja wenu anataka kuniuliza mbona hakumwezekea kibanda. Kwa mikono ipi? Nyati huyo!

Akarudi mara ya tatu, amekasirika. "Kumbe kivuli kimejificha kwenye shina!" Akaanza kuchimbua mizizi kwa pembe.

Kobe akaamka. "We Nyati, taratibu! Utatuunguza sote na jua."

"Mama yangu anakufa, Kobe. Ondoka hapo."

Mgunga ukaanguka, puu! Pale alipolala Kobe pakabaki jua. Nyati akaukokota mti mzima, shina, mizizi na miiba, jasho likimtiririka, akaulaza kando ya mama.

"Mama, kivuli kimefika?"

Mama akautazama mti, akamtazama mwana. "Mwanangu, mti umeuleta. Kusimama kwake umekuacha wapi?"

Nyati akaona haya, akalia. Kisha akajongea upande wa jua, akasimama karibu na mama. Kivuli kikamwangukia mama usoni. Mama akafumba macho, akapumua.

Jua likahama, naye akahama. Hakula, hakulala, hadi jua likatua. Hata Kobe alikuja polepole akajibanza nyuma ya kwato zake, na Nyati hakumfukuza.

Basi, wanangu, kuwa na mwana si kivuli. Kivuli ni mwana kusimama.

Ngano yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, mezeni. Ikiwa chungu, nirudishieni nitie chumvi. Na nani huyo amesimama baina yangu na moto? Wewe si Nyati, kaa chini!