Aliyeulizwa Habari za Mpangaji

Inasimuliwa, nami nilisimuliwa na bibi yangu, kwamba zamani katika mji wa Basra alikuwako mzee mcha Mungu, Shuaibu, na mkewe kipofu, Bi Rabwa. Riziki yao ilikuwa chumba kimoja cha uani wakikipangisha.

Desturi ya mji ule, mtu akija kutaka chumba, hapewi mpaka habari zake ziulizwe kwa mwenye nyumba alikotoka. Basi alipokuja bwana mmoja, Dahmani, Shuaibu akaenda kuuliza. Akaambiwa, "Dahmani? Huyo malaika. Mchukue leo leo." Shuaibu akaamini, wakaandikiana miaka mitatu mbele ya kadhi. Masikini, hakujua kwamba mwenzake anasifu ili aondokewe.

Wajukuu zangu, yule mtu alikuwa balaa. Akileta walevi uani. Bi Rabwa alizoea kuhesabu hatua mpaka kwenye mtungi wa maji. Dahmani akiuhamisha makusudi, mama wa watu anajikwaa, wao wanacheka. "Angalia njia, bibi." Shuaibu akaenda kushtaki, kadhi akamjibu mkataba ni mkataba.

Mwaka wa pili mtu mgeni akapiga hodi. "Mzee, Dahmani anataka chumba kwangu. Ni mtu gani?"

Shuaibu akawaza: Neno moja tu, na balaa limetoka.

Bi Rabwa akamwita ndani, akamnong'oneza, "Mume wangu, mwambie ni malaika. Si ndivyo ulivyoambiwa wewe?"

Mzee akarudi mlangoni, machozi yakimtoka. "Ndugu yangu, usimpokee. Ametutesa mimi na mke wangu."

Mgeni akashukuru, akaenda zake. Dahmani akabaki, tena akazidi. Bi Rabwa hakusema na mumewe siku arubaini. Chakula akimsogezea kimya. Shuaibu akaomba dua mpaka sauti ikamkauka, wala faraja hakuiona.

Bi Rabwa akaja akaugua, mpangaji bado yumo. Karibu na kufa akamwita mumewe.

"Yule aliyekuja kuuliza, ana mke?"

"Anaye. Na binti wawili wadogo, nilikutana nao sokoni."

Akampapasa mumewe mkono. "Basi wao hawatalia nilivyolia mimi. Niko radhi nawe." Akatoa shahada, akakata roho.

Mwaona, hakuna muujiza ulioshuka. Mzee alisema kweli, na raha ya nyumba yake hakuipata tena, akasubiri. Mwenyezi Mungu atujaalie, tukiulizwa habari za mtu, tuseme tunayoyajua, hata kama uongo ndio ungetupa usingizi.