Nyimbo Elfu Mbili za Fundi Misumari

Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliochakaa kwa kukaliwa na kulaliwa, ambao mwenyewe anajua kila mahali ulipofumuka. Msala upitao ni mkeka mzuri wa kuswalia unaopita mbele ya macho, umebebwa begani na mtu mwingine, na kesho haupo. Anayeutupa wa kwanza kwa kuutamani wa pili hujikuta analala chini. Maneno hayo fundi Misumari aliyajua tangu utotoni. Aliwahi hata kuyaandikia insha shuleni akapata alama zote. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuikumbuka siku inapokuhusu ni jambo jingine.

Fundi huyu alikuwa akitengeneza makochi. Jina la Misumari alilipata kwa tabia yake ya kubana misumari midogo midomoni akiwa kazini, akiitoa mmoja mmoja kama mtu anayetema kokwa za chungwa. Mkewe ndiye aliyekata vitambaa na kuvishona. Kwa miaka thelathini na mmoja walifanya kazi katika chumba kimoja kirefu chenye dirisha moja, mume upande wa fremu na springi, mke upande wa cherehani, na katikati yao rundo la sponji lililofika kiunoni. Juu ya rafu, ikiwa imevaa vumbi la mbao kama unga, ilikaa redio kaseti.

Redio ile ilikuwa imekula chumvi nyingi. Mlango wake ulishikiliwa na mpira, na kitufe cha kurudisha kanda kilikufa zamani, hivyo mke aliirudisha kwa penseli, akiizungusha huku akizungumza. Na mama yule alijua kuzungumza! Angeanza na bei ya kitambaa, apitie harusi ya jirani, amalizie na paka wa marehemu shangazi yake, na mkasi usiende kombo hata nukta.

Kulikuwa na wimbo mmoja ambao mashine iliutafuna mwaka ule binti yao alipokuwa akitambaa. Tangu hapo, mwimbaji akifika ubeti wa tatu, sauti humezwa, ukabaki mkwaruzo. Basi wenyewe wakawa wanaliziba pengo. Fundi aliimba mstari mmoja, misumari ikiwa midomoni, mkewe akaimba wa pili, na mwimbaji aliporejea alikuta kazi yake imekwisha kufanywa. Wateja waliokuja kuulizia makochi yao walicheka hadi wakasahau kugomba kwamba siku ya ahadi imepita.

Miaka haigandi. Binti aliyetambaa juu ya sponji alikua, akapata kazi mji wa mbali, na siku moja akamtumia baba yake kifurushi. Ndani yake kulikuwa na kidude cha kuchezea muziki, kipya kabisa, kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, chenye kioo kinachong'aa na nyaya mbili za kuweka masikioni.

"Kijaribu kwanza, baba," binti alimwambia kwenye simu. "Uniambie kweli kama kinakufaa. Kisipokufaa, mimi nitakitumia."

Fundi Misumari alikipima kama anavyopima mbao. Alikiweka kiganjani akakiona chepesi kuliko mkasi. Alikigeuza juu chini, akakibonyeza huku na huko.

"Nyimbo elfu mbili zimo humu," akamwambia mkewe. "Na picha zinazotembea pia!"

"Elfu mbili!" mkewe alisema bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Utazisikiliza lini zote, na wewe chakula tu unaitwa mara tatu?"

"Hakikwaruzi. Kikishiba umeme kinakwenda kutwa nzima. Hakina kanda ya kukatika. Kasoro naiona moja tu, vitufe ni vidogo kwa vidole vyangu."

"Na mimi nitasikilizia wapi?"

Fundi alizitazama zile nyaya mbili. "Tutagawana. Sikio moja kwako, moja kwangu."

Wakajaribu. Waya ulikuwa mfupi. Mke akainua kitambaa, mume akavutwa shingo. Mume akainamia springi, mke akavutwa sikio.

"Tumekuwa mbuzi wawili wa kamba moja," mke alisema, wakacheka sana. Kisha akalitoa lake akamrudishia. "Tumia tu wewe, baba watoto. Mimi bado nina redio yangu."

Lakini kipya kina ulevi wake. Siku ya nne fundi aliipeleka redio kaseti kwa jirani yao, fundi wa redio, akamwambia aichukue tu. Rafu ilihitajika kwa gundi na misumari. Mkewe hakuulizwa. Aliporudi kutoka sokoni akaiona rafu tupu, alisimama kidogo, akavua kanga ya mabegani, akaketi kwenye cherehani. Fundi, masikio yakiwa yamezibwa, hakujua kama kuna neno lililopaswa kusemwa.

Ule wimbo wao aliukuta ndani ya kidude, mzima, bila kovu. Alingoja ubeti wa tatu kwa hamu. Kumbe maneno yenyewe hayakuwa yale waliyoyaimba miaka yote! Akageuka amweleze mkewe, akamkuta anazungumza, midomo ikienda mbio. Fundi akamwonyesha dole gumba, akatabasamu, akarudi kwenye nyundo yake. Mke alinyamaza katikati ya sentensi.

Wiki ya tatu walikuwa na kochi kubwa la watu watatu. Walikuwa wamelilaza kwa ubavu juu ya meza ya kazi, na mke alikuwa chini yake akivuta kitambaa cha upande. Mguu mmoja wa meza ulianza kuteleza. Mke aliliona kochi likiinama, akalizuia kwa mkono, akaita. Akaita tena. Akaita mara ya tatu kwa sauti iliyomtoa kinyozi dukani kwake, ng'ambo ya barabara. Fundi Misumari, hatua nne kutoka pale, alikuwa akigonga misumari kwa kufuata ngoma. Alichokisikia ni sakafu kutikisika chini ya nyayo zake.

Kochi lilikuwa limemwangukia mkewe, na kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevunjika. Hospitalini walikifunga plasta, wakasema wiki sita.

Kesho yake fundi alifungua karakana peke yake. Alivaa nyaya zake, akazivua. Kimya cha chumba kile kilimlemea kuliko kochi lolote alilowahi kubeba. Akatoka mbio mbio kwenda kwa fundi wa redio.

"Ile mashine yangu, jirani. Nimeijia."

Fundi wa redio alikuna kichwa. "Ungesema mapema, mzee mwenzangu. Mota nimeitia kwenye nyingine, spika nimempa mtu. Limebaki ganda."

Jioni fundi Misumari aliingia nyumbani mikono mitupu. Mkewe alikuwa ameketi karibu na dirisha, mkono umening'inizwa shingoni.

"Mama watoto, nisamehe. Redio nimeifuata nikaikosa. Imekwisha kuchinjwa vipande vipande."

Mkewe alimgeukia. "Kwani nililia redio mimi? Ningeilia redio, ningeifuata mwenyewe siku ileile. Nimezungumza na mgongo wako wiki tatu nzima."

Fundi aliketi sakafuni, karibu na miguu yake. "Ulikuwa ukisema nini?"

"Mengi. Nilikumbuka siku tulipohamia pale karakana, mvua ikatukuta na makochi ya watu nje, ukavua shati lako ufunike kochi. Nilicheka mpaka machozi, nikageuka ucheke nami." Akauweka vizuri mkono wake shingoni. "Mengine yalikuwa matamu zaidi. Siyakumbuki tena."

Hayo ya mwisho yalimuuma fundi kuliko yote. Mfupa ungeunga, maneno yale hayakuwa na pa kutafutwa.

Siku iliyofuata alimpigia simu binti yake. "Kidude ni kizuri, mwanangu, na kosa si lake. Kwa safari kinafaa. Kwa mtu aliye peke yake kinafaa sana. Mimi siko peke yangu. Nakurudishia, na Mungu akubariki kwa kunikumbuka."

Wiki sita zilipita. Mkono wa mke ulifunguliwa, ila haukurudi wote. Akawa anakata polepole, na vitambaa vizito fundi humshikia upande mmoja. Wakiwa wameinamia kitambaa hivyo, vichwa karibu kugusana, mke huzungumza na mume humjibu, misumari ikiwa midomoni. Wateja huuliza mbona siku hizi hakuna muziki. Fundi Misumari huwajibu kwamba muziki upo, ila si wa kupigiwa wao. Na akimwona mtu anatupa cha kale kwa sababu ya kipya kinachong'aa, humshika bega na kumwambia kwa sauti ya aliyelipia somo lake: ndugu yangu, usiache mbachao kwa msala upitao.