Dimbwi la Tatu na Neno "Au"

Paukwa!

Pakawa!

Basi sogeeni motoni, mnitegee sikio.

Hapo zamani za kale, mwaka ambao mvua haikunyesha, aliishi Paa aliyeitwa Kidawa pamoja na mwanawe mchanga. Mto ulikauka ukaacha madimbwi matatu tu: la juu, la kati na la chini, yaliyotengwa na majabali ambayo mamba hawezi kuyapanda. Mtoto alikuwa hajanywa maji kwa siku mbili. Ulimi wake ulikauka kama gome.

Ndege Kwarara, ambaye hakujulikana kwa uongo, alipita akieleza kwamba amewasikia mamba wakisemezana. "Dimbwi la juu halina mamba, au la kati halina mamba, au la chini halina mamba." Alipoulizwa lipi, akasema hakusikia zaidi ya hayo, akaruka zake.

Kidawa akachuma matikiti mwitu mawili, ndiyo pekee yaliyosalia porini. La kwanza akalivingirisha ndani ya dimbwi la juu. Maji yakatulia, yakatulia, yakatulia. Kisha domo la mamba likachomoza, tikiti likatoweka.

Shemeji yake, Nguchiro, akamhimiza anywe katika dimbwi la kati upesi, kwa kuwa Kwarara ameahidi.

"Kwarara amesema 'au', shemeji," akajibu Kidawa. "'Au' huahidi kwamba lipo moja. Haionyeshi ni lipi."

Akalivingirisha la pili ndani ya dimbwi la kati. Domo likachomoza tena.

Sasa matikiti yamekwisha, na cha kulijaribia dimbwi la chini hakikuwapo, ila Kidawa mwenyewe. Mtoto akafumbua kinywa alie, sauti haikutoka.

"La juu, silo," Kidawa akahesabu. "La kati, silo. Basi ni la chini, ikiwa Kwarara alisema kweli."

"Na ikiwa hakusema kweli?" akauliza Nguchiro.

"Hapo hesabu yangu itakuwa sahihi, nami nitakuwa nimeliwa. Utanilelea mtoto."

Nguchiro, aliyezoea kumtania kila siku, akamvuta mtoto kando yake.

Kidawa akapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji yakamfika magotini. Akainama, akanywa. Maji yakatulia, yakatulia, yakatulia. Hakikuchomoza kitu.

Ndipo akamwita mwanawe, naye akanywa hadi tumbo likavimba.

Nguchiro akamwona shemeji yake bado anatetemeka, akamuuliza anaogopa nini na hatari imekwisha pita.

"Akili imekwisha fika, shemeji," akasema Kidawa. "Miguu ndiyo bado iko njiani."

Hadithi yangu inakomea hapo. Ikiwa ni tamu, au ni chungu, au ni vyote viwili, ichukueni.