Mkeka wa Kwanza wa Tunu

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana mashine za leza zilikwisha kuwapo, aliishi msichana aitwaye Tunu. Alizaliwa na usonji. Maneno yake yalikuwa machache, lakini vidole vyake vilisuka ukili usio na kosa. Macho tu ndiyo yalikuwa hafifu. Akavalishwa miwani, akaitupa. Akavalishwa nyingine, akaitupa. Hakuvumilia kitu kumgusa masikioni.

Daktari Shekiondo akasema macho yatatibiwa kwa leza. Siku tatu alimketisha Tunu karibu na mashine ili auzoee mlio wake. Siku ya nne akamtibu, na Tunu akarudi nyumbani akihesabu sisimizi ukutani.

Lakini jicho moja likamwasha. Akalifikicha. Utando mwembamba wa jicho, uliofunguliwa wakati wa tiba, ukahama, naye asimwambie mtu.

Shangazi yake, Mwanaisha, akaokota ukili wa siku ile, akaona umepinda. Majirani wakamwambia kila msukaji hukosea. "Tunu hakosei," akasema, akampeleka hospitali saa ile ile. Daktari akaurudisha utando mahali pake, akaonya kwamba Tunu akilifikicha jicho tena kabla ya siku saba, nuru ya jicho itapotea.

Nani ataizuia mikono siku saba? Mzee Ngwali, muuza ukindu, akafunga kibanda chake. Siku ya kwanza akaleta ukindu, Tunu akasuka. Siku ya pili akaleta, akasuka. Hata ya saba. Mikono yenye kazi haikwenda jichoni.

Jicho likapona. Tunu akaushona ukili ule ukawa mkeka wa rangi, mzuri ajabu. Na kwa desturi ya kwao, mkeka wa kwanza hupewa mtu mmoja tu, aliyemfaa msukaji kuliko wote. Tunu alitaka kuutoa kwa haki, kwa kuwa alipenda kila kitu kikae mahali pake.

"Bila mimi mngejua lini kwamba jicho limeumia?" akauliza shangazi.

"Kujua si kutibu, mama," akasema daktari akicheka.

"Nawe ungetibu mara ngapi, Daktari, kama si ukindu wangu?" akauliza Mzee Ngwali. "Tena mgongo huu unautaka mkeka."

Tunu akawatazama mmoja mmoja. Akakumbuka jicho lilivyomwasha siku zote saba. Akautandika mkeka, akaketi katikati yake.

"Mikono ilikuwa yangu," akasema.

Haya, wanangu, semeni bila kugombana: je, mkeka ule alistahili nani?